Mia ya Nani?

(Maneno niliyosema mbele ya wanakikundi wa hisa, wanaoweka akiba na kukopeshana, siku ya kuvunja kisanduku na kugawana, Ilula, wilayani Kilolo. Nimeyaandika upya kwa ajili ya walioniomba, pamoja na yale waliyonikatiza nayo.)

Kamwene!

Mmejibu nusu. Wale wa upande wa magunia sijawasikia. Kamwene! Haya, hapo sawa.

Mama mwenyekiti, mweka hazina, ninyi watatu mnaoshika funguo za kisanduku, ndugu mtendaji, akina mama wote, akina baba wachache mliojitokeza, na ninyi wanafunzi mliojibanza kule nyuma mkisubiri soda. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo hamjambo.

Wiki iliyopita nilipigiwa simu. "Mwalimu, njoo utuambie kidogo habari ya asilimia, maana kila mwaka tukivunja watu wananuniana." Nikauliza, kidogo ni kiasi gani? Nikaambiwa robo saa. Nimefundisha hesabu sekondari miaka thelathini na moja, na sijawahi kumaliza asilimia kwa robo saa. Ila naona macho yenu hayanitazami mimi, yanatazama kufuli. Nitajitahidi.

Naanza na aibu yangu mwenyewe, ili baadaye nikimtaja mtu mwingine asione nimemwonea.

Miaka kadhaa kabla sijastaafu nilikuwa naezeka nyumba yangu Kihesa. Bati zikapungua. Nikaenda kwa mkopeshaji mmoja pale mjini Iringa, jina lake halitusaidii kitu. Nilitaka milioni moja na laki mbili, nirudishe kwa mwaka mmoja. Afisa mikopo, kijana mtanashati, akaniambia, "Mwalimu, riba yetu ni asilimia tatu tu kwa mwezi." Hilo "tu" lilinipendeza. Nikaweka sahihi kwa kalamu iliyokuwa mfukoni mwangu, na siku hiyohiyo asubuhi nilikuwa nimetunga nayo jaribio la kidato cha pili. Mada ilikuwa riba.

Kichwani nilikuwa nimeshapiga hesabu. Mwezi wa kwanza nadaiwa 1,200,000, asilimia tatu yake ni 36,000. Nikirudisha laki moja ya mtaji, mwezi wa pili nadaiwa 1,100,000, riba 33,000. Mwezi wa tatu 30,000. Inashuka hivyo, elfu tatu tatu kama ngazi, mpaka mwezi wa kumi na mbili ambapo nadaiwa laki moja na riba yake ni 3,000. Ukijumlisha ngazi zote unapata 234,000. Nikasema, hii naimudu.

Rejesho la kwanza likaja 136,000. Sawa. La pili, 136,000. Nikadhani wamekosea. La tatu, 136,000. Nikapanda daladala kwenda kuwasahihisha, maana mwalimu haachi kusahihisha. Yule kijana akatoa fomu yangu, akaweka kidole kwenye mstari mmoja. Ilikuwa imeandikwa: asilimia tatu ya mkopo wote kwa kila mwezi. Ya mkopo wote. Maneno matatu. Sahihi chini yake ni yangu, na nina mwandiko mzuri, siwezi kuikana.

Kwa hiyo nililipa 36,000 mara kumi na mbili, yaani 432,000. Zaidi ya nilivyopiga mimi kwa 198,000. Na tazameni mwezi wa mwisho. Ninachodaiwa cha mtaji ni laki moja peke yake, lakini riba bado ni 36,000. Hiyo tena si asilimia tatu. Kwa pesa niliyokuwa nimebaki nayo mkononi, ni asilimia 36 kwa mwezi mmoja. Nilikuwa nalipia riba pesa niliyokwisha kuirudisha.

Hakuna aliyenidanganya, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Tatu yao ilikuwa tatu, na tatu yangu ilikuwa tatu. Tatu yao ilitoka kwenye mia ya siku ya kwanza, tatu yangu ilitoka kwenye mia iliyobaki. Neno asilimia lina mia ndani yake, ila halisemi mia hiyo ni ya nani. Tangu siku ile, mtu akinitajia asilimia yoyote, iwe ya riba, punguzo, faida au kodi, simuulizi ngapi. Namuuliza: mia ya nani?

Sasa tuje kwenye nyanya, kwa sababu hapa ni Ilula, na mtu hawezi kuja Ilula akahutubia bila nyanya.

Nimemwomba mama huyu wa mbele anikopeshe nyanya kumi. Nazipanga hapa mezani. Hizi ni matenga kumi. Umenunua shambani kila tenga kwa 30,000, jumla laki tatu. Umepakia kwenye fuso, mmeteremka mlima wa Kitonga usiku, mmefika soko la Ilala Dar es Salaam alfajiri. Nauli, ushuru na vibarua naviacha pembeni kwanza, nikiviweka tutalala hapa. Unafungua turubai. Matenga mawili yameiva kupita kiasi, yamepondeka, maji yanatiririka. Natoa mbili. Tafadhali msizile, ni za mfano.

Umepoteza asilimia ngapi? Ishirini, vizuri. Sasa, ili urudishe laki tatu yako bila faida yoyote, upandishe bei kwa asilimia ngapi?

Nasikia ishirini. Nasikia ishirini tena. Kule nyuma? Nani kasema ishirini na tano? Wewe binti, simama wakuone. Uko kidato gani? Cha pili. Eleza.

(Akaeleza: laki tatu gawa kwa nane ni 37,500. Kutoka 30,000 hadi 37,500 ni ongezeko la 7,500, nayo ni robo ya 30,000. Akapigiwa makofi. Soda yake ililetwa kabla ya wengine.)

Mmesikia. Hasara ni ishirini, dawa yake ni ishirini na tano. Kwa nini hazilingani? Kwa sababu hasara ulikuwa unaihesabu kwenye matenga kumi, na dawa unaitafuta kwenye matenga manane. Mia imebadilika mkononi mwako, wewe hukuona. Yakioza matatu, unatakiwa kupandisha karibu asilimia 43. Yakioza matano, bei iende mara mbili, asilimia 100 nzima.

Na bado hujapata hata shilingi ya kununulia daftari la mtoto. Tuseme unataka faida ya asilimia 20 juu ya mtaji. Wengi mtasema ishirini ya kuoza na ishirini ya faida, basi napandisha arobaini. Pigeni. Unataka kutoka na 360,000, una matenga manane. Gawa. Ni 45,000 kila tenga. Kutoka 30,000 hadi 45,000 ni asilimia 50. Aliyepandisha arobaini ameuza kwa 42,000, akapata 336,000, akarudi nyumbani anashangaa 24,000 imeenda wapi, anamtazama kondakta vibaya. Kondakta hana kosa.

Nirudi Kitonga kidogo. Lori likishuka ule mlima na kuupanda, urefu wa barabara ni uleule. Asilimia haiko hivyo. Msimu wa mvua nyanya zimejaa, dalali anakuambia bei imeanguka kwa nusu, tenga la 40,000 sasa ni 20,000. Baada ya wiki mbili anapiga simu ana furaha: "Mama, bei imepanda asilimia 50!" Unadhani imerudi ilipokuwa. Haijarudi. Nusu ya 20,000 ni 10,000, tenga ni 30,000. Alishusha kwa mia ya arobaini, amepandisha kwa mia ya ishirini. Ili irudi ilipokuwa ilitakiwa ipande asilimia 100. Dalali naye hajadanganya. Mnaona jinsi watu wanavyoweza kuchukua pesa yako bila hata mmoja wao kusema uongo?

Mama mmoja ameniuliza hapa, na mahindi je? Afadhali umeuliza, kwa sababu mahindi yalitaka kuvunja undugu nyumbani kwetu.

Mdogo wangu alivuna, akapima magunia kumi ya kilo mia mia, kilo 1,000 kamili. Mahindi yalikuwa na unyevu wa asilimia 20, yaani mabichi mabichi bado. Sasa viwango vya Afrika Mashariki vinataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, na mnunuzi makini ana kipimo, anachomeka kwenye gunia, hakuna kubembelezana. Akayaanika kwa shemeji yetu hadi yakafika 13.5. Kabla ya kupima akasema, unyevu umeshuka kutoka ishirini hadi kumi na tatu na nusu, tofauti ni sita na nusu, kwa hiyo nitakuta kilo 935. Mzani ukasoma 925. Kilo kumi hazipo! Shemeji akaitwa mwizi. Aliondoka bila kunywa chai, na kwetu Uheheni mtu kuondoka bila chai ni kesi.

Nilipofika niliomba karatasi. Nikamwambia mdogo wangu, achana na maji, yatazame mahindi yenyewe makavu. Katika kilo 1,000 zenye maji asilimia 20, punje kavu ni kilo 800. Hizo 800 jua haliziondoi, ziko palepale. Baada ya kuanika, maji ni asilimia 13.5, kwa hiyo punje kavu ni 86.5 katika kila mia ya mzigo mpya. Sasa uliza, ni mzigo gani ambao 86.5 kati ya mia yake ni kilo 800? Gawa 800 kwa 86.5, zidisha kwa mia. Unapata 924 na ushee, karibu 925. Shemeji alikuwa mwaminifu kuliko hesabu yetu. Ishirini ilikuwa ya mia ya mahindi mabichi, kumi na tatu na nusu ilikuwa ya mia ya mahindi makavu, ukizitoa moja kwenye nyingine ni kama kutoa debe kwenye kilo. Nilimpelekea chai kwake.

Lumbesa nitaigusa tu, maana nikianza nayo mtendaji atatoka nje. Mnajua gunia halali la viazi halizidi kilo mia. Wakikujazia likavimba kichwani hadi kilo 130 kwa bei ileile ya 70,000, kila kilo yako haijauzwa tena 700, imeuzwa 538. Umempunguzia mnunuzi karibu asilimia 23 na hakukuomba hata punguzo. Kipimo ni sheria, na Wakala wa Vipimo wapo.

Madukani sitakaa sana. Mwezi wa saba baridi ya Iringa mnaijua, sweta ni lazima. Nilikuta duka limebandika: punguzo asilimia 30, na ukilipa leo unapunguziwa 20 zaidi. Kila anayepita anasema asilimia 50, nusu bei. Sweta ya 50,000 ukitoa thelathini ni 35,000. Ishirini ya pili inatolewa kwenye hiyo 35,000, si kwenye hamsini. Ni 7,000. Unalipa 28,000. Nusu bei ingekuwa 25,000. Bado ni nafuu, nami nilinunua, hii hapa nimeivaa. Ila nilinunua nikijua nimepunguziwa 44.

Kuna ujanja mmoja wa kichwani nawaachia, hauna gharama. Ukishindwa asilimia 18 ya 50,000, igeuze: ni sawa na asilimia 50 ya 18,000. Elfu tisa. Asilimia 4 ya 25,000 ni asilimia 25 ya 4,000, yaani elfu moja. Inageuka daima. Wanafunzi wangu walikuwa wanafikiri nimewaficha hilo kwa makusudi hadi wiki ya mtihani. Ni kweli niliwaficha.

Hiyo 18 sikuitaja bure. Kiwango cha kawaida cha kodi ya ongezeko la thamani huku bara ni asilimia 18, na bei unayotajiwa dukani kwa aliyesajiliwa huwa kodi imo ndani. Umenunua bati za 118,000. Kodi iliyomo ni ngapi? Ukichukua asilimia 18 ya 118,000 unapata 21,240, na umekosea. Bati zenyewe ni 100,000, kodi ni 18,000. Mia ni ya bati kabla ya kodi, haikuwa ya bei uliyolipa. Ukiitazama kutoka kwenye bei uliyolipa, kodi ni kama 15 na robo katika kila mia. Na yule anayekunong'oneza, "Bibi, tusitoe risiti, nakutolea ile kumi na nane," akikukatia 18,000 kwenye 118,000 amekukatia kumi na tano na robo, na amekuomba usaidiane naye kukwepa kodi. Dai risiti yako.

Asilimia tisini na tisa ya ninyi mliokaa hapa mmewahi kukopa kwa...

(Hapa mama mmoja wa mstari wa tatu akapaza sauti: "Mia ya nani, mwalimu? Umetuhesabu?" Watu wakacheka muda mrefu. Nikaomba radhi. Nilikuwa nimekisia.)

Haya, nimeshikwa. Niseme hivi: wengi mmewahi kukopa, na baadhi yenu mnaijua ile mikopo mnayoiita kausha damu. Sijui nani aliibuni hiyo lugha lakini alijua anachosema. Chukueni mfano huu. Unapewa laki moja leo jioni, kesho unaanza kurudisha 5,000 kila siku, siku 26. Jumla 130,000. Unaambiwa riba ni asilimia 30. Mia ya nani? Ya ile laki moja. Lakini laki moja umekaa nayo siku ngapi? Usiku mmoja! Kuanzia kesho yake unaimega. Katikati ya safari, siku ya kumi na tatu, nusu ya deni umeshalimaliza. Ukipiga wastani wa pesa uliyokaa nayo mkononi kwa siku zote 26, haizidi sana 50,000. Kwa hiyo 30,000 uliyolipa ni riba ya elfu hamsini na kidogo, na ni zaidi ya asilimia 55, kwa muda usiotimia mwezi. Ni kosa lilelile langu la Kihesa, tofauti ni kwamba mimi lilinila kwa mwaka na ninyi linawala kila jioni.

Sheria ipo. Tuna Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wa daraja la pili, hao wasiopokea amana, ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kumbuka nayo hiyo, kwa mwezi. Ukiizidisha kwa kumi na mbili ni 42 kwa mwaka. Asilimia bila muda ni kama kusema umetembea saa mbili bila kusema ulikuwa na miguu au na pikipiki. Na ukikaa mbele ya afisa mikopo, muulize mambo mawili kabla ya kutoa kalamu: riba ni ya deni la mwanzo au ya deni lililobaki, na mkononi nitapokea shilingi ngapi kamili baada ya ada ya fomu, bima na hivyo vidogo vidogo vyenu. Mimi nilikatwa asilimia mbili ya fomu, 24,000, kabla sijatoka mlangoni. Niliomba 1,200,000, nikabeba 1,176,000, nikatozwa riba juu ya 1,200,000. Hilo sikuwaambia mwanzoni, aibu ilikuwa imetosha.

Kijana wa genge ameinua mkono. Anasema yeye na mwenzake wamegombana. Wananunua mzigo wa 40,000, wanauza 50,000. Yeye anasema faida ni asilimia 25, mwenzake anasema 20. Nani mkweli? Wote. Wewe umepima kwa mia ya mtaji, mwenzako kwa mia ya mauzo. Elfu kumi ni ileile. Chagueni mia moja, muiandike juu ya daftari, mrudiane.

Ndugu mtendaji alinisihi niseme juu ya ile asilimia 10 ya halmashauri ya kukopesha vikundi. Nasema, kwa sababu nimesikia watu wakilalamika kwamba halmashauri ina mabilioni, asilimia 10 yake iko wapi. Mia ni ya mapato ya ndani: ushuru wa mazao, leseni, vibanda, vile inavyokusanya yenyewe. Fedha zinazotoka Hazina kwa mishahara na miradi hazimo kwenye hiyo mia. Kati ya hizo kumi, nne ni za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu, na hazina riba. Kwa hiyo ukitaka kujua kama kikundi chako kinapunjwa, usichukue bajeti nzima ukagawa kwa kumi. Omba taarifa ya makusanyo ya ndani, hapo utakuwa na mia sahihi ya kugombea. Na gombeeni.

Mfumuko wa bei pia mmeniandikia kwenye kikaratasi. Redio ikisema mfumuko umeshuka kutoka asilimia tano hadi tatu, bei kwa jumla hazijashuka. Zinapanda bado, ila kwa mwendo mdogo. Ni lori lililopunguza gia, halijarudi nyuma. Yatosha.

Sasa kisanduku, na hapa ndipo mnaponuniana.

Mweka hazina amenipa daftari. Mwaka huu mmenunua hisa 4,000, kila hisa 2,000. Hiyo ni milioni nane. Jana kamati imehesabu mbele ya wote, pamoja na riba, faini na mikopo ambayo bado mnadaiwa, jumla ni 9,600,000. Nyongeza ni 1,600,000, asilimia 20 ya mlichoweka. Kila hisa ya 2,000 inarudi 2,400. Mpaka hapa hakuna ugomvi.

Ugomvi ni huu, na niruhusuni niuseme wazi. Yuko aliyenunua hisa tangu wiki ya kwanza, pesa yake ikakopeshwa mwaka mzima, ikazaa. Yuko aliyekuja na kitita wiki tatu kabla ya kuvunja, baada ya kuuza vitunguu Ruaha Mbuyuni. Wote wawili wanapata 2,400 kwa hisa. Wa kwanza ananuna, na ana haki ya kununa: asilimia 20 yake ni ya mwaka, asilimia 20 ya mwenzake ni ya wiki tatu. Hesabu iko sahihi, katiba yenu ndiyo iliyonyamaza. Mkitaka, mzunguko ujao wekeni ukomo wa hisa kwa kila kikao, au fungeni kununua miezi miwili ya mwisho. Hilo ni lenu kupigia kura, si langu.

Na jambo dogo hili nisilifiche: ile 1,600,000 haikushuka kutoka mbinguni. Imetoka kwenu. Anayekopa sana humu ndani ndiye aliyemnenepesha asiyekopa. Ukipata nyongeza ya 60,000 leo huku mwaka mzima umelipa riba ya 90,000, usirukeruke sana. Lakini pia usilie, kwa sababu ukiangalia upande wa pili, riba yako ilibaki mtaani kwenu, haikupanda basi.

Mama mwenyekiti ananionyesha saa. Robo saa imekuwa dakika hamsini, nimezidisha kwa asilimia mia mbili na thelathini na kitu, na mia ni ya ile robo yake, nakiri.

Wenye funguo njooni. Kwanza, ya pili, na ya tatu iko wapi? Imesahaulika nyumbani? Hapana, ipo, imefungwa kwenye kona ya kanga. Fungueni.

Daftari la kwanza, mama wa nyanya zangu kumi. Hisa 145. Binti wa kidato cha pili, njoo hapa mbele, usikae mbali. Mia moja arobaini na tano mara 2,400. Sema kwa sauti wasikie. 348,000. Anadaiwa salio la mkopo 48,000, tunatoa. Laki tatu kamili.

Hesabu mbele yake, mama usiiweke kifuani kabla hujahesabu. Na zile nyanya mbili nilizotoa mezani, nani amezila?